Nani Atabaki Mombasa?

Saiba iliyo karibu na kwetu Kisauni hutoza shilingi 10 kwa ukurasa. Fomu I-130, ile ya raia wa Marekani kumwombea ndugu wa karibu kama mume ahamie huko, ina kurasa 12, na mdogo wake, I-130A, ana 6. Kijana wa saiba alizipanga, akazigonga mezani zikae sawa, akanitoza 180, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, kumbe ndiyo mnaenda Marekani?" Mkobani nilikuwa na kalamu mbili mpya za wino mweusi. Ilikuwa Agosti 2022, na nilidhani kilichobaki ni kujaza.

Karatasi zile sikutumia hata moja. Mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaonekana hata kwenye kipimo, ndiye aliyekuja kuzichorea migongoni.

Kila maelezo niliyoyapata kuhusu viza ya mume au mke yalimzungumzia mtu aliye Marekani anayemvuta mwenziwe aliye mbali. Mimi sikuwa navuta mtu. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja, chandarua kimoja. Hali yangu ilikuwa hivi: mwaka 2008 nilitoka Mombasa kwa bahati nasibu ya viza, nikafikia kwa dada yangu Minneapolis, jimbo la Minnesota, nikasomea uuguzi, na 2014 nikala kiapo cha uraia. Mwaka 2018 mama akapatwa na kiharusi. Nikarudi kwa miezi sita, na miezi sita ile haikuisha. Novemba 2021 niliolewa na jirani yetu, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimbeba mama kumshusha ngazi bila kuombwa. Februari 2022 mama akatangulia mbele ya haki. Nyumba ikabaki na kiti cha magurudumu kisicho na mwenyewe, na watu wakaanza kuuliza: sasa mnarudi lini?

Mjomba ndiye aliyeanza, siku ya arobaini, sahani ya biriani mkononi. "Mchukulie viza ya kutembea. Akishafika huko mtajua la kufanya." Mjomba hakusikia uongo katika maneno yake, alisikia ujanja. Lakini kisheria afisa wa viza humchukulia kila mwombaji wa viza ya kutembea kuwa anakwenda kukaa, na ni juu ya mwombaji kumtoa shaka hiyo. Mume wa raia, mwenye mshahara wa karani, atamtoa shaka kwa maneno gani ikiwa si ya uongo? Na kumdanganya afisa wa viza kwa jambo zito kama hilo adhabu yake si miaka miwili mitatu. Ni kufungiwa mlango maisha, na haufunguki ila kwa msamaha maalumu unaoombwa kwa fomu zake na ada zake. Nilimshukuru mjomba, nikamwongezea kachumbari.

Wa pili alikuwa wakala mmoja mjini, simtaji, aliyenikaribisha kwa soda baridi na kuniambia kazi yangu ni ya shilingi 150,000. Njia yake ilikuwa viza ya mchumba, ile K-1. Nikamwambia tumeshaoana. "Kwa kadhi?" akauliza. Kwa kadhi, ndiyo. Akatabasamu. "Hiyo nani anaijua Marekani? Kiweke cheti kabatini, mwende kama wachumba, mkafunge ndoa ya kortini huko."

Nilinyanyuka kabla soda haijaisha, na mimi si mtu wa kuacha soda. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na nyingine, na kadhi hutoa cheti. Marekani nayo, kwa kawaida, ndoa iliyo halali ilipofungwa huihesabu ndoa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kufungishwa nikaha si mchumba, hata kama cheti kimefichwa chini ya godoro. Najua wapo waliokwenda na K-1 huku picha za harusi zimejaa kwenye simu za shangazi zao, wakaulizwa hizo picha ni za nini. Halafu hata kwa mchumba wa kweli, K-1 ni nusu ya safari tu: mkifika mna siku 90 za kuoana, na baada ya hapo inaanza fomu nyingine, ada nyingine, na foleni nyingine ya kupata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Ile K-3 ya wanandoa bado imo vitabuni, lakini ombi la I-130 likipitishwa kwanza, hiyo hufungwa palepale. Sikupoteza usiku juu yake.

Ushauri wa tatu ulinipa homa, maana ulikuwa karibu na ukweli. Rafiki yangu wa Texas alikuwa akifanya kazi Nairobi zamani na kumwombea mkewe huko mwaka 2016. "Usihangaike na Marekani," aliniambia. "Peleka hapohapo Nairobi, moja kwa moja. Sisi tulimaliza kwa miezi minne." Hakunidanganya. Wakati wake, raia aliyekuwa mkaazi wa Kenya aliweza kupeleka I-130 yake kwenye ofisi ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, hapohapo Nairobi. Mlango ule ulifungwa. Tangu tarehe 1 Februari 2020, maombi ya kawaida ya aina hii hupokelewa na kuamuliwa Marekani. Balozi zinaweza kupokea I-130 kwa hali za kipekee tu, na hali zenyewe zimeandikwa kwa mifano: dharura ya ugonjwa, mtu kuhatarishiwa maisha, mtoto anayekaribia kupita umri, mwanajeshi aliyehamishwa ghafla, na raia anayefanya kazi nje aliyepata kazi Marekani au kuhamishiwa huko kwa taarifa fupi mno.

Hiyo ya mwisho nilisoma mara tatu, kwa sababu mezani nilikuwa na barua ya kazi. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi Minneapolis ilikuwa tayari kunirudisha, kuanzia Oktoba. Wiki sita. Si ndiyo taarifa fupi yenyewe hiyo?

Nikaandika barua pepe Nairobi, nikaeleza, nikaambatisha barua. Jibu lilikuja kwa adabu na kwa ufupi: hali yangu haikufika hapo, nifungue ombi langu kwa njia ya kawaida. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilijisomea tena barua pepe yangu mwenyewe kama mtu wa nje na kuona walichokiona. Kazi ile haikunijia ghafla. Nilimpigia simu msimamizi wangu wa zamani Julai, nikamwomba, tukakubaliana tarehe. Dharura niliitengeneza mwenyewe, kwa WhatsApp.

Ikabaki njia ya dada yangu. Yeye hakuwa na porojo. "Rudi wewe kwanza," alisema. "Chukua hiyo kazi, lala kwangu, mfungulie mumeo ombi ukiwa hapa. Mshahara utakuwepo, anwani itakuwepo, hawatakuuliza neno." Kila mtu mwenye akili aliniambia hivyohivyo. Nami kwa wiki nzima niliamini ndivyo tutakavyofanya. Nilianza hata kutazama bei za tiketi za mtu mmoja.

Usiku mmoja umeme ulikatika, tukatoka kukaa barazani. Mume wangu hakuwa mtu wa kuzungumza fomu. Fomu anazimeza kutwa kazini. Alikuwa akimenya chungwa gizani. "Nikuulize la kwetu bandarini," akasema. "Kontena likishushwa lina siku zake za bure. Zikipita, storeji inaanza kuhesabu, na storeji haiulizi karatasi zimechelewa kwa kosa la nani. Sasa wewe ukitangulia, sisi siku zetu za bure ni ngapi?"

Nilitaka kumjibu kwa tarehe. Nilikuwa nimezisoma zote: ombi lingekaa mwaka na zaidi USCIS, miezi kadhaa Kituo cha Kitaifa cha Viza, kisha mahojiano. Nikamwambia karibu miaka miwili. Akanipa kipande cha chungwa. Hakusema kitu tena.

Ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Kutangulia kwangu kungepunguza nini hasa? Foleni ya I-130 ya mume wa raia ni ileile, awe raia huyo amekaa Minneapolis au Kisauni. Ombi hufunguliwa mtandaoni kwa akaunti, popote ulipo. Hakuna anayekuongezea siku kwa sababu una bahari mbele yako. Kwa hiyo kwenda peke yangu kusingetuokolea hata juma moja. Kungenipa mshahara wa Marekani na makazi ya Marekani, vitu viwili vinavyohitajika mwishoni, si mwanzoni. Na bei ya vitu hivyo viwili ingekuwa miaka miwili ya kuonana kwenye kioo cha simu. Watu walikuwa wakiniuliza njia ipi ni ya haraka, nami nikajiuliza hivyohivyo, kumbe swali lilikuwa nani atabaki Mombasa, na kwa muda gani.

Wiki iliyofuata kipimo kikaonyesha mistari miwili. Barua ya kazi nikaijibu kwa shukrani na kuomba radhi.

Septemba 2022 nililipa dola 535 kwa kadi ya benki yangu ya Minnesota, akaunti ambayo sikuifunga kwa uvivu tu, na uvivu huo baadaye ulikuja kutuokoa. Ada ya ombi hilo imepanda tangu Aprili 2024: 625 mtandaoni, 675 kwa karatasi. Kwenye sehemu ya anwani, watu wawili walinishauri niandike naishi kwa dada ili nionekane mkaazi. Nilikataa. Ushahidi wote wa ndoa yetu ulikuwa unatoka Kisauni; ningewezaje kuishi Minneapolis huku nikilipia tokeni za umeme Mombasa kila wiki? Fomu inaruhusu anwani ya barua kuwa tofauti na ya makazi. Barua zikaenda kwa dada, mimi nikabaki nilipo.

Ushahidi wenyewe ni hadithi. Maelekezo yanapendekeza vitu kama akaunti ya benki ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bima. Njoo Kisauni unitafutie wanandoa wenye akaunti ya pamoja. Nyumba yetu ilikuwa kwa jina la marehemu mama, maji kwa jina la mwenye kisima, umeme kwa jina la mtu aliyeishi pale kabla yetu ambaye hatujawahi kumwona. Kilichotuthibitisha ni M-Pesa. Niliomba taarifa ya miezi kumi, nikachuja miamala kati ya namba yangu na yake, na ikaja orodha ambayo ukiisoma utajua hawa wanaishi pamoja. Mia mbili, saa kumi na moja jioni. Mia tatu na hamsini, saa mbili usiku, siku moja kabla ya Idi. Elfu nne, Februari 2022, usiku ambao mama alilazwa. Elfu kumi na mbili, siku mbili baadaye, na hiyo sikuhitaji kujikumbusha ilikuwa ya nini. Hakuna anayemtumia mchumba bandia shilingi 80 mara kumi na saba kwa mwezi.

Cheti cha ndoa nacho kilitutoa jasho kidogo: karani aliyekijaza aliongeza herufi moja kwenye jina la mume wangu, ikawa tofauti na kitambulisho na pasipoti. Kurekebisha kulichukua safari tatu. Kagueni cheti siku ileile ya harusi, hata kama pilau inapoa.

Kisha tukaishi. Sijui niieleze vipi miezi 14 ya kungoja ambayo haikuwa ya kungoja. Mtoto alizaliwa Aprili 2023, Mombasa, babake akiwa nje ya mlango akisoma Yasini kwa sauti ya mtu anayepigana. Yeye hakuhitaji viza. Mimi nilikuwa nimeishi Marekani zaidi ya miaka mitano nikiwa mtu mzima, na kwa mtoto wa ndoa yenye mzazi mmoja raia kinachotakiwa ni miaka mitano ya kuwepo huko kabla hajazaliwa, miwili kati yake baada ya mzazi kutimiza miaka 14. Tukaenda naye Nairobi na vyeti vyangu vya chuo na rekodi za mishahara, dola 100, akapata hati ya kuzaliwa nje kama raia. Akiwa na miezi mitano alikuwa na pasipoti ya buluu, picha yake kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Ombi la babake lilipitishwa Novemba 2023. Tarehe ile ilinifurahisha kwa sababu nyingine pia. Mwenza anayeingia Marekani wakati ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa viza ya CR1 na kadi ya masharti ya miaka miwili, na kabla haijaisha lazima waombe tena kuondolewa masharti kwa fomu I-751, ambayo siku hizi ni dola 750. Ndoa ikishapita miaka miwili siku ya kuingia, viza ni IR1 na kadi ni ya miaka 10. Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia, wala si siku ya kufungua ombi. Kwa hiyo mtu asicheleweshe kufungua ati anangoja miaka miwili itimie. Foleni yenyewe itaitimiza.

Jalada likahamia Kituo cha Kitaifa cha Viza, kile cha Portsmouth, New Hampshire, likapewa namba inayoanza na NRB, yaani Nairobi. Ada mbili: 325 ya viza, 120 ya hati ya udhamini, na zote hulipwa mtandaoni kutoka akaunti ya benki ya Marekani. Ndiyo ile akaunti ya uvivu. Nikajaza DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza yenyewe, kwa usiku mmoja. Nikafungua fomu I-864, hati ya udhamini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile niliyokuwa nikijiona mjanja nilikuwa nimekalia kaa la moto.

Fomu ile inataka ritani ya kodi ya Marekani.

KRA, watu wa kodi wa Kenya, nimewafailia kila Juni bila kukosa. Marekani sikuwa nimefaili tangu niondoke. Nilijua kwamba raia wa Marekani hutakiwa kuandikisha mapato yake popote alipo duniani. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba sukari ina madhara. Nikajifariji kwamba mshahara wangu wa kliniki ni mdogo. Na kweli, kwa mtu asiye na ndoa, mwaka 2020 kiwango cha mapato kilichomlazimu kufaili kilikuwa dola 12,400, na mshahara wangu, ukigeuzwa dola, haukufika hapo. Nikashusha pumzi. Kisha nikasoma mstari wa mtu mwenye ndoa anayefaili peke yake, kwa kuwa mwenziwe si raia wala mkaazi wa Marekani. Dola 5. Nilidhani wameacha sifuri tatu. Nikatafuta kwingine. Tano.

Nimeolewa Novemba 2021. Kwa mwaka 2021 wote nilihesabika mwenye ndoa. Desemba ile niliitumia mezani na karatasi za mishahara za kliniki, mtoto akiwa mgongoni, nikigeuza shilingi kuwa dola mwezi kwa mwezi. Kodi yenyewe haikutoka hata senti, kwa sababu mapato ya kazi ya nje huondolewa kwa fomu 2555 kwa mtu anayeishi nje kweli. Shida ilikuwa kuifaili, haikuwa kulipa. Pale penye namba ya mume, asiyekuwa na namba, niliandika NRA, yaani mgeni asiye mkaazi, kama maelekezo yanavyosema. Ya 2021, ya 2022, na Februari ya 2023.

Halafu mapato. Mdhamini lazima awe na asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali yao kila mwaka. Kwa kaya ya watu watatu, mimi na mume na mtoto, mwaka 2024 ilikuwa dola 32,275. Mshahara wa Kisauni usahau, hata ungekuwa mkubwa, kwa sababu wanataka mapato yatakayoendelea mkishahamia. Ilibidi nipate mdhamini mwenza. Nilikuwa na dada mmoja tu.

Nilimpigia saa nne usiku ya kwetu, mchana kwake. Nilimsomea bila kupamba: watoto wake wawili, yeye, na mume wangu ni wanne, kiwango ni 39,000, mshahara wake unapita. Akanyamaza.

"Mdogo wangu, nikuulize. Ukimwacha huyu bwana mwaka ujao, mimi bado ni mdhamini wake?"

"Bado, dada. Talaka haiuvunji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe raia, au afikishe robo 40 za kazi, kama miaka kumi. Au afe. Au ahame Marekani moja kwa moja."

"Na akichukua msaada wa serikali, wanaweza kunidai mimi?"

"Wanaweza."

Nikasikia anafungua bomba la maji, anaosha kitu, analifunga. "Mama alimpenda?"

"Kuliko alivyonipenda mimi."

"Basi nitumie hiyo fomu."

Wengi hudhani mdhamini mwenza akipatikana yamekwisha. Nami nilidhani. Raia aliyefungua ombi bado lazima ajaze I-864 yake mwenyewe, hata kama mapato yake ni sifuri, na bado lazima aonyeshe makazi yake ni Marekani, au kwamba atayarudisha huko kufikia siku mwenziwe anapoingia. Mdhamini mwenza hazibi pengo hilo. Mimi nilituma taarifa za benki, leseni yangu ya uuguzi ya Minnesota niliyoihuisha kila mara, na uthibitisho kwamba 2020 nilipiga kura kutoka Mombasa. Nikaona nimemaliza.

Wakati huo mume wangu alikuwa akikimbizana na vyeti vya polisi. Cha Kenya ni rahisi: shilingi 1,050, chapa za vidole, subira. Lakini alifanya kazi Qatar miaka miwili, 2015 hadi 2017, na mtu aliyekaa nchi nyingine miezi 12 au zaidi baada ya kutimiza miaka 16 hutakiwa kuleta cheti cha huko pia. Chapa za vidole zikasafiri, rafiki yake aliyebaki Doha akazifuatilia, miezi ikapita. Nyinyi wenye waume waliopita Ghuba, na pwani yetu mko wengi, anzeni na hicho.

Mahojiano yalikuwa Julai 2024. Tulipanda treni ya SGR mchana, tukalala kwa shangazi South B, na alfajiri tukawa Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, baridi ya Julai ikitutafuta hadi ndani ya mikono ya masweta. Aliingia peke yake na faili. Mimi na mtoto tukabaki nje. Muuza chai akatukopesha stuli.

Alitoka saa tano kasoro na karatasi mkononi, uso hausomeki. Walimuuliza habari za mama, aliugua nini, alikuwa akimbeba vipi. Walimuuliza kodi ya nyumba analipa nani, akacheka, akasema nyumba ni ya mkwewe. Kisha wakamuuliza mkeo anaishi wapi.

"Ukasemaje?"

"Kisauni. Unaishi wapi kwani?"

Karatasi ilitaka ushahidi zaidi wa makazi. Nilikaa nayo kwenye stuli ya muuza chai na mara hii sikununa. Vyote nilivyotuma vilisema niliwahi kuishi Marekani. Hakuna hata kimoja kilichosema narudi lini na nalala wapi. Nilimpigia yule msimamizi wa hospitali niliyemkatalia 2022, nikiwa nimejiandaa kwa jibu lolote. Nafasi ilikuwepo, Oktoba, zamu za usiku. Dada akamwomba mwenye nyumba wake aniongeze kwenye mkataba. Nikaongeza barua ya mahali pa kulelea mtoto mchana na notisi niliyowapa kliniki ya Mombasa. Nikavituma kwa pamoja.

Viza ilitoka Agosti. Tukalipa dola 235 za kadi ya kijani, ambazo pamoja na zile 535, 325 na 120 zinafanya dola 1,215, ukiacha daktari, nauli, na Doha. Septemba tukatua Minneapolis kupitia Amsterdam, watatu, mume wangu akishika mfuko wa mahamri ambayo nilimwambia asiyabebe. Afisa akagonga muhuri, akaandika IR1, akatazama mahamri, akatupitisha.

Juzi binamu yangu amenipigia kutoka Muscat. Naye ni raia wa Marekani, ameolewa huko na mtu mwenye asili ya Unguja, sasa wanataka kuhamia Ohio. Ameshasikia ya viza ya kutembea, ya kupeleka ubalozini moja kwa moja, ya kutangulia peke yake na watoto. Akataka nimwambie ipi ya haraka. Nikamuuliza mara ya mwisho kufaili kodi Marekani ilikuwa lini.

Simu ikanyamaza. Nyuma yake nikasikia adhana ya magharibi, na mlango wa gari ukifungwa.

"Kwani na hiyo imo?" akasema.